Debe Lililojaa

Mara ya kumi na moja, na mstari ni uleule.
Herufi nyeupe zinashuka mbio
kama uwele unaomwagwa ungoni,
halafu zinakwama: duara lenye mkato katikati,
alama ya barabarani, usipite.
Feni inavuma. Nje, upepo wa Agosti
unaisugua Nkuhungu kwa vumbi.

Mashine hii haina kwao.
Ubaomama ni wa fundi mmoja wa Majengo,
kona moja imeungua, inanuka nywele.
Prosesa niliinunua mnadani,
ofisi ilihama, vitu vikauzwa kwa kilo.
Kasha ni debe. Nililikata Kizota kwa mkasi wa bati,
vidole viwili vikalipa,
na ubavuni bado linasomeka:
MAFUTA SAFI YA ALIZETI, LITA 20.

Na mfumo ninaotaka kuuingiza humu
ulitengenezwa na watu wasiojua debe.
Unakubali kuishi katika mashine zao tu,
nyembamba, za rangi ya fedha, zilizozaliwa pamoja.
Ukifika kwangu unapiga hodi, unachungulia,
unauliza: wewe nani? Wa ukoo gani?
Nami nauandikia barua ya utambulisho, faili dogo,
naudanganya kwa adabu:
huyu ni binamu yako, amepigwa jua tu.

Mwalimu Chilongani anaitaka Jumamosi.
Kwaya imechanga miezi saba,
noti za elfu mbili zilizokunjwa mara nne.
Wanataka kujirekodi wenyewe.

Saa saba usiku baba akatoka chumbani.
Miaka thelathini na moja ya Scania,
Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, na kurudi,
imemwachia mgongo mbovu na usingizi wa vipande.
Akavaa miwani, akasoma kwa sauti
nilichokuwa nimeandika daftarini:
"Dereva hajapatikana."
Akanitazama. "Wa gari gani?"
"Si wa gari, baba. Wa kadi ya mtandao."
"Amelewa?"
"Hayupo."
"Basi mshushe abiria,"
akasema, akaenda kunywa maji.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.
Nikafungua debe, nikaichomoa ile kadi,
nikahamisha flashi toka tundu la mbele hadi la nyuma,
nikabadili neno moja katika ile barua,
nikawasha.

Zikashuka. Zikashuka.
Pale penye duara sikupumua.
Zikapita.

Skrini ikawa na rangi ya zabibu zinapoanza kuiva.
Ikauliza lugha. Ikauliza niko wapi duniani:
ramani, na orodha ya miji.
Nikaitafuta Dodoma.
Nikaitafuta tena, kwa herufi kubwa.
Haimo. Bunge tunalo, wizara tunazo,
orodha haina habari.
Nikachagua Dar es Salaam,
kama mtu anayetoa anwani ya shangazi yake.
Saa ikasema nne na dakika kumi,
nikaisoma kumi na dakika kumi, kama kawaida.

Nikacheza wimbo wa kwaya, ule wa majaribio.
Mistari ya sauti ikapanda, ikashuka,
vilima vya kijani kutoka ukingo hadi ukingo,
na kwenye spika, hata mkwaruzo.
Nikaongeza. Nikachomoa, nikachomeka. Hata mkwaruzo.

Husemwa debe tupu haliachi kutika.
Langu limejaa hadi mfunikoni,
na ndilo lililonyamaza.

"Bado nini?" baba, kutoka kitandani.
"Dereva wa sauti."
Upepo ukagonga bati mara mbili, tatu.
"Mwambie mwalimu," akasema,
"leseni ya daraja E ninayo. Haijaisha muda."