Kwa Mkaguzi wa Majengo, Aliyeuliza Vyumba Vingapi

Andika kimoja.
Andika pia kwamba ni cha duara,
na kama fomu yako haina mahali pa duara
chora mwenyewe pembezoni. Kalamu nitakuazima.

Hili lilikuwa ghala la ngano. Orest alilinunua
mwaka ule bei ilipopanda:
mabati yenye migongo, boliti elfu mbili mia nne.
Idadi naijua kwa kuwa nimezikaza zote upya,
moja moja, kwa spana ya marehemu
na vidole hivi unavyoviangalia.
Mlango niliukata mwezi wa tano, kwa msumeno wa umeme.
Umekwenda upogo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango;
hawakulala humu Januari,
hasi thelathini na nane, bati likijikunyata usiku
na kulia *ta!*
hata nikainuka kumfungulia mtu.

Unatafuta pembe uanzie kupima. Hakuna.
Mimi pia nilizitafuta, wiki za kwanza.
Kabati la mama mkwe lilisimama katikati ya sakafu
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu,
mpaka Delmer wa shamba la pili akaja kulipasua.
Nusu yake ni rafu, ile pale.
Nusu nyingine tuliiota moto, tukicheka, Mungu atusamehe.

Kule nyumba kubwa, vyumba tisa,
huzuni ilikuwa na pa kujibanza.
Ilikaa nyuma ya mlango wa stoo, chini ya ngazi,
ikanidaka nikipita na kapu la nguo chafu.
Humu inazunguka tu.
Inanipita asubuhi kwenye birika,
jioni inarudi, na nimeshazijua hatua zake.

Binti yangu Larysa yuko Regina.
Kila Jumapili ananiambia kwa simu, kwa upole,
kwamba watu hawaishi kwenye debe.
Namjibu tumeishi miaka arobaini kwa kilichokaa ndani ya debe hili,
ada yako ya shule ilitoka humu,
na viatu vya harusi.
Hunyamaza. Kisha huuliza kama kuni zinatosha.

Zinatosha. Kuta ni mbili, katikati marobota ya majani ya ngano,
andika hivyo, na jiko moja, na choo kiko nje,
usikunje uso, kina paa.
Punje bado zinadondoka kwenye maungio upepo ukivuma.
Nazifagia. Zikijaa kopo nachemsha.

Sasa lete huo utepe.
Duara haipimwi na mtu mmoja, hilo hawakukufundisha?
Wewe shika ncha, bana na boliti hii, usisogee.
Nitazunguka nayo ukutani, polepole, goti langu la kushoto ni bovu.
Nikikufikia tena kwa upande wa pili,
soma namba,
uiandike.