Daftari la Kutoka na Kurudi

Kabla hujapanda boti ya Jaypootie, andika:
jina, rangi ya hema, siku utakayorudi,
na nani apigiwe simu usiporudi.
Usicheke. Ndiyo kazi yangu.

Dubu ukimwona, usikimbie.
Mito ivuke alfajiri, barafu ya mlimani ingali imelala;
mchana huyeyuka, maji yakakufika kiunoni,
baridi ya kung'oa meno.

"Alfajiri ipi," akauliza yule Mholanzi mrefu,
"na jua lenyewe halichwi?"
Saa tisa, nikamwambia. Tazama saa, usitazame mbingu.
Maji ukiyavulia viatu, yavuke.

Siku kumi na moja.
Akarudi midomo imepasuka, kidevu kimeota manyoya,
ananuka mafuta ya jiko.
Chini ya MAONI, kwa kalamu yangu, akaandika:
*Pazuri mno. Hapana mtu. Hapajawahi kuwa na mtu.*

Nikammiminia chai.

Bibi yangu Qaumaniq alizaliwa bonde lile lile,
majira ya mayai ya bata bukini,
ndani ya hema la ngozi za sili,
upepo unavuta kila pembe.
Walipohama walibeba vyote, hata majivu ya taa, nasikia.
Mawe tu waliyaacha.

Sikumsahihisha. Niliuliza:
usiku ule wa upepo, hema lako lilizuiliwa na nini?

Akapuliza chai.
"Mawe," akasema. "Bahati yangu,
niliyakuta pale pale
yamejipanga duara."