Kiti cha Rangi ya Maziwa

Jogoo ndiye aliyeanza.
Alipelekwa Molo kwa wakwe, miguu imefungwa kwa kitambaa,
wakwe wakamrudisha
(mambo ya mahari, sikuuliza),
na njia nzima ya kurudi Nakuru
alikaa kiti cha nyuma kama mheshimiwa,
juu ya ngozi nyeupe ya Bwana Tuwei,
akitia sahihi.

"Kageha, nioshee leo hii.
Jioni nambeba mama askofu."

Nafungua milango yote minne.
Vumbi la mji huu halipigi hodi:
limelala kwenye mishono, kwenye vitundu,
jeupe juu ya jeupe, hulioni
mpaka kidole kiseme.
Kwanza brashi ya manyoya laini. Maji bado.
Anayemwagia vumbi maji
anapika matope.

Kijana wangu Lemaiyan anakuja na chupa ya jiki.
Namwambia rudisha.
Nilikuwa na shangazi, Majengo ya Vihiga,
aliyeutafuta weupe kwa mkorogo.
Uso uling'aa miezi mitatu kama sahani ya harusi
kisha ukaanza kubanduka pembeni mwa pua,
na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi, vikitoa ushahidi.
Ngozi ni ngozi, Lemaiyan.
Hii nayo iliwahi kutoka jasho.

Sabuni kidogo, maji ya vuguvugu ya kuogeshea mtoto,
povu tupu, povu lisilo na haraka.
Najaribu kwanza chini ya kiti, pasipoonekana,
kama anayeonja mchuzi kabla wageni hawajaketi.
Kitambaa kikavu kifuate papo hapo.
Mswaki mkuukuu kwenye mshono.
Jogoo anatoka. Chai ya maziwa inatoka.
Rangi ya jinzi, bluu ya makalio ya mtu fulani
upande wa abiria
(mkewe huvaa sketi,
lakini mimi kazi yangu ni viti)
inatoka shingo upande,
mara ya tatu, mara ya nne.

Doa moja limekataa.
Karibu na paja la dereva, dogo, kama punje ya mtama.
Bwana Tuwei anavaa miwani, anainama,
anataka nilisugue.

Miaka sita nilikuwa kiwanda cha ngozi
kabla hawajapunguza watu.
Harufu yake ilinifuata mpaka kanisani,
nikawa naachiwa benchi zima.
Nilipangua ngozi mbichi za Baringo, za Narok,
nikajifunza kusoma kusiko na herufi:
huu ni mwiba, huu mchapo wa fimbo,
hii chapa ya moto ya mwenyewe.
Hili, mzee, si doa.
Hapa kupe alishika.
Nchi gani, sijui. Alinyonya, akashiba, akaanguka,
na ng'ombe akaendelea na nyasi zake.

Anacheka kidogo. Kisha hacheki.
Naye alifuga, kule Njoro, kabla ya ngano.
Anapagusa kwa kidole gumba
kama mtu anayepima homa.
"Basi paache."

Mwisho mafuta. Kiasi cha shilingi moja kitambaani,
yazungushwe, yazungushwe, yanywewe kivulini,
maana jua la saa saba lingeipasua kama kisigino changu.
Nusu saa hakuna anayekalia,
si mwenye gari, si mama askofu.

Kitambaa kimebaki na unyevunyevu.
Sikitupi.
Nageuza mikono, napaka mgongo wa huu, mgongo wa huu,
pale sabuni ya miaka imechora mito mikavu.
Lemaiyan ananyoosha yake pia, bila neno.

Na jogoo, kamba mguuni, amefungwa kwenye bomba,
anawika saa tisa kasorobo mchana
utadhani kumekucha.