Daftari la Nyamizi

Hakubandika picha yake bwaloni,
hakugawa soda, hakutuahidi basi la chuo.
Siku ya kura alisema tu, "Nitahesabu."

Akahesabu.
Jumatatu arobaini na mmoja,
Jumanne arobaini na mmoja,
Jumatano arobaini.

Aliyepungua ni mimi.
Nimekaa stesheni ya Tabora juu ya sanduku la bati,
godoro nimeshamuuzia fundi viatu,
tiketi ya Kaliua mfukoni,
na jina langu limepigwa mstari kwa mhasibu.

Akaja na vumbi la Cheyo miguuni, daftari kwapani.
Hakunihubiria.
"Rula yako umeiacha maktaba," akasema.
"Na mhasibu amekubali tulipe kidogo kidogo.
Nimegonga mara tatu, ya nne akachoka yeye."

Tulipe.
Neno hilo nililigeuza mdomoni
kama asali yenye nta bado,
hata treni ilipopiga honi.
Iliondoka na kiti changu kitupu.

Sasa nafundisha hesabu, Kaliua hiyohiyo.
Kila asubuhi, kabla ya chaki,
nahesabu vichwa.
Akikosekana mmoja
nafuta tarehe, najipangusa mikono,
natoka kumtafuta.