Sifuri Saba

Bi. Syombua alinipigia simu kutoka Kariokor,
nyuma yake mkasi ukikata nyuzi za mkonge.
Hakunisalimu.
"Sifuri zetu umezipeleka wapi?"

Mwaka wa tisa huu, wanawake ishirini na wawili
wanasuka vyondo, wanaweka mbao, wanaweka finje,
siku ya watalii soo mbili,
naye huandika kwa kalamu ya buluu katika daftari la miraba.
Programu niliwaundia mimi, bure,
kwa kuwa mama yangu alikuwa wa kumi na nne kwenye orodha.

Jana jumla ilisema 9999950.0
Ile nukta na sifuri yake ya mkia niliiona, nikaipuuza
kama kifungo kinachoning'inia shati likiwa bado linafungika.
Leo asubuhi Ndinda akaweka finje.
Karatasi ikatoka: 1.0E7

"Moja," alisoma Bi. Syombua. "Nukta. Hapana kitu.
Halafu herufi. Halafu saba.
Miaka tisa, mwanangu, tumebakiwa na saba?"

Nikaeleza. E ni kipeo; saba ni hatua za nukta kwenda kulia.
Lugha hii husema wazi mpaka milioni tisa na ushee,
ikigusa kumi hugeuza ulimi.

"Nani aliiambia kumi ni nyingi?"

Sikuwa na jibu. Mtu fulani, mbali, alichora mstari:
huku wa kuhesabiwa tarakimu kwa tarakimu,
kule nyota na wanaozipima.
Hakuwaza kwamba vyondo vingevuka.

Nikajitetea. Hata sisi, nikasema,
saa ya ukutani ikionyesha tisa, twaiita tatu.
"Twaiita tatu sote," akajibu, "na kila siku.
Hatubadili katikati ya mchana bila kuagana."

Nilirekebisha mstari mmoja. Mmoja tu, miaka yote hiyo.
Jioni nikampelekea karatasi mwenyewe:
10,000,000.00

Hakuniamini mimi wala karatasi.
Alichomoa sindano ya kushonea mikanda
akagusa sifuri moja moja, midomo ikicheza,
mpaka ya saba. Akapumua.
Kisha sindano ikavuka nukta.

"Na hizi mbili?"
"Za senti."
"Senti hatujashika tangu Mbithe azae kifungua mimba."
Nikatoa kompyuta nizifute.
"Ziache," akasema, akikunja karatasi ndani ya daftari.
"Walau hizo zimekuja, hazikuondoka."