Jicho Jipya la Bibi

Siku ya nne, Bombo, walipombandua plasta,
bibi yangu Mwanamtama hakutaka bahari,
wala albamu ya harusi yangu aliyoihudhuria kwa ukungu.
Alisema: Nipeleke nikaone kitu
ambacho hata nilipokuwa na macho sikukiona.

Nikampeleka Chumbageni,
nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki,
kwa Tsigereda, Mhabeshi:
meza nne, feni moja, na kalenda ya kwao
iliyo nyuma ya yetu kwa miaka saba na ushei.
"Basi hapa mimi bado kijana," bibi akasema, akakaa.

Sinia likaja moja.
Mkate mpana, wa kijivu, vishimo tele,
kama mchanga waliopita kaa.
Akaunyanyua pembe, akautazama kwa jicho jipya,
akalifumba, akautazama kwa lile la zamani.
"Si kitambaa cha meza hiki?"
"Chakula, bibi."
"Na sahani?"
"Ndiyo hiyo."
"Na kijiko?"
"Ndiyo hiyo hiyo."
Akanikazia macho kama dalali
anayeuza kiwanja kimoja mara mbili.

Lakini rangi!
Akazitaja kwa kidole kama mtoto wa chekechea:
nyekundu ya adesi, manjano ya dengu, kijani cha mchicha,
na alipofika kwenye bitiruti akanyamaza.
Miaka sita ya ukungu
ilikuwa imeondoka na jina la rangi ile.

Nyama je? Nani kachinja?
"Bucha ya Makorora, mama, kachinja Mwislamu.
Mimi mwenyewe leo sili. Jumatano nafunga. Na Ijumaa."
"Mimi Jumatatu na Alhamisi," bibi akasema,
na hapo hapo wakahesabu kwa vidole
siku ambazo wangeweza kula pamoja.
Zikatoka tatu.

Akachana, akachovya, akatafuna.
Uso ukakunjamana.
"Umechacha huu."
Nikatamani kuingia chini ya meza.
"Siku tatu nzima!" Tsigereda akajibu kwa fahari.
"Kama chila," bibi akasema. "Chila kilichonyimwa tui."
Akachana tena.

"Unga gani?"
Tsigereda akatazama mlangoni, akapunguza sauti.
Kwao ni tefu. Tefu Tanga haifiki.
Hapa anachanganya ulezi na mtama wa Mgandini,
na mama yake, siku akiuonja, atamkana.
"Mtama ni nusu ya jina langu," bibi akasema.
"Mwambie mama yako nimeula mimi."

Kisha buni zikakaangwa mbele yetu,
moshi ukapitishwa puani mwa kila mmoja kama ubani.
Kikombe cha kwanza kikampiga bibi kofi.
Cha pili wakazungumza magoti.
Cha tatu kilikuwa chepesi, karibu na maji.
"Hiki tunaita bereka."
"Baraka," bibi akamsahihisha.
"Bereka, mama."
"Baraka, mwanangu."
Wakaenda hivyo hadi kikombe kikaisha,
kila mmoja akimsamehe mwenzake matamshi.

Kipande kilichobaki alikifunga kwenye ncha ya kanga.
Usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
akaniita jikoni: "Njoo uone."
Alikuwa amekilaza kwenye bakuli, akakimwagia tui na sukari,
hiliki kidogo,
na kile kitu kilikunywa, kilikunywa kwa kila kishimo,
kikavimba kwa raha.
"Waja leo waondoka leo," akasema,
"lakini hiki sasa hakiondoki."

Tukala kwa kijiko kimoja, tumesimama.
Halafu akashusha kijiko,
akanisogeza chini ya taa, akanishika kidevu,
akanitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mkate.
"Na wewe," akasema,
"umekonda hivi tangu lini?"