Asiyejibu

Bytom, Februari. Theluji huanguka nyeupe
na kufika chini ina rangi ya majivu.
Zahanati yetu iko ghorofa ya pili:
ngazi thelathini na nne
ndizo kipimo cha kwanza, kisichoandikwa popote.

Ewald Kocur alizipanda Oktoba kwa vituo vitatu.
Miaka ishirini na sita mgodini,
ambako kiberiti ni marufuku;
kila zamu ilipoisha, alipotoka juu,
alivuta kama mtu anayelipa deni.
"Mimi sivuti," aliniambia. "Mimi ndiye ninayevutwa."
Nikacheka. Fomu haina nafasi ya mzaha.

Nikampa mrija. Puliza, nikasema,
puliza, puliza, usiache, usiache, bado, bado —
mstari kwenye skrini ukapanda kilima
ukaporomoka mapema.
Akafuta midomo. "Nimefaulu?"
Huu si mtihani, nikasema. Akanitazama
jinsi watu wanavyomtazama mwongo mpole.

Kompyuta ilimpigia kura:
ama vidonge vya mbegu za mti wa maua ya manjano,
ama vidonge vya unga usio na kitu.
Chupa moja, kifuniko kimoja, uchungu ule ule.
Yeye hajui. Mimi sijui.
Jibu liko Warszawa, ndani ya kabati lenye kufuli.

Kila Alhamisi, saa kumi, nampigia simu.
Wiki ya kwanza: amemtukana mkewe kwa sababu ya kijiko.
Ya tatu: mikono haijui pa kukaa,
anamenya viazi visivyo na mlaji.
Ya tano: ameota anavuta, akaamka na hatia,
akanusa vidole vyake gizani.
Ya nane: simu inaita.

Inaita.

Kanuni yetu ni fupi: asiyejibu
huhesabiwa mvutaji.
Ni kanuni nzuri, naitetea mbele ya wanafunzi;
sayansi isipojihadhari hujipendekeza.
Nikaandika: anavuta.
Kisha nikakaa na kalamu wazi, chai ikapoa.

Jumanne akatokea mlangoni bila miadi,
unyoya wa kijivu begani.
"Simu niliiacha chini," akasema.
"Nilikuwa juu kwa njiwa."
Njiwa wako darini, kwa ngazi ya kuegemeza.
Miaka minne Truda ndiye aliyewapandishia ngano,
yeye amekaa uani, akihesabu mbawa kwa macho.

Shikilia pumzi. Sasa toa.
Kifaa kikasoma tatu. Oktoba kilisoma thelathini na moja.
Tena mrija, puliza, usiache:
kilima ni kile kile.
Nikamweleza kama ilivyo: kilichoungua hakirudi, bwana Kocur.
Tunalinda kilichobaki, kipungue polepole,
kama cha watu wengine.
Akafikiri. "Polepole inatosha," akasema.
"Njiwa wenyewe wamezeeka."

Siku saba za kusahihisha zilikuwa hazijaisha.
Nikakata neno moja, nikaandika jingine,
nikatia sahihi na tarehe kando ya kosa.
Huenda ni zile mbegu. Huenda ni unga mtupu,
na Alhamisi, na viazi.

Hakuna apimaye kushuka.
Hata hivyo nilihesabu, mlango wangu ukiwa wazi:
thelathini na nne, kikohozi kimoja,
halafu baridi ya nje ikapanda hadi kwangu.